Khutba ya Ijumaa: Shahidi, Hati na Amana

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichikana. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa Utume, na ziwafikie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu mliohudhuria hapa Sumbawanga, na ninyi wazee wetu, mama zetu na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani na mabwenini, leo tumekusudia kuzungumza juu ya maneno. Huenda mtu akaona kwamba maneno ni jambo dogo mno kupandishwa juu ya mimbari. Lakini maneno tunayoyakusudia ni yale ambayo kwayo shamba hutoka mkononi mwa mjane likaingia mkononi mwa mtu mwingine, na mjane akabaki akiuliza limetokaje.

Itazameni karatasi ambayo baadhi yenu mmeihifadhi sandukuni, ile inayotolewa na kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Juu yake pameandikwa: Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hati, haki, milki, mila. Maneno manne, na yote manne asili yake ni Kiarabu. Hati ni mstari, ni mwandiko wa mkono. Haki ni lile lililo kweli na lililo wajibu, nalo ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Milki ni mamlaka ya kukishika kitu na kukitumia. Na mila, ambayo sisi twaifahamu kuwa ni desturi za wazee, katika Qurani ni njia ya dini, kama inavyotajwa mila ya Nabii Ibrahimu. Mkulima wa Laela au wa Matai anaposhika karatasi ile hushika maneno ambayo makadhi na makarani waliyatumia kwa karne nyingi kabla yake.

Wala maneno haya hayakufika Ufipa jana. Yalipanda milima kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kirando, Kipili na Kasanga, pamoja na misafara ya karne ya 19 iliyopita katika nchi za Mwene wa Nkansi na Mwene wa Lyangalile. Yalikuta hapa watu wenye namna zao za kujua shamba ni la nani: aliyelifukia jani chini ya udongo, akalipandisha matuta yale ya duara, akayalima, huyo alijulikana na majirani zake. Leo jirani zetu Wakristo, ambao ndio wengi katika nyanda hizi, hutumia maneno haya haya tunapokutana nao barazani. Na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote za Tanzania, si Mahakama ya Mwanzo peke yake. Kwa hiyo maneno yaliyokuwa yakifasiriwa na kurudishwa sasa yanasimama yenyewe mbele ya hakimu, na yafaa tuyajue.

Tuanze na neno lililo zito kuliko yote, nalo ni shahidi.

Kwa asili shahidi ni mtu aliyehudhuria. Alikuwapo, akaona kwa macho yake, akasikia kwa masikio yake. Kutokana na mzizi huo tumepata shahada tunayoitamka katika sala, na kidole tunachokinyanyua tunapoitamka tunakiita kidole cha shahada. Kutokana na mzizi huo huo tumepata shahada za vyuo vikuu, kwa sababu chuo kinatoa ushuhuda kwamba mtu huyu alikuwapo na akasoma. Hata yule aliyeuawa katika njia ya Mwenyezi Mungu ameitwa shahidi. Jina hili ni kubwa, na Waislamu tunaanza nalo uhai wa dini na tunatamani kufa nalo.

Sasa tazameni namna tunavyolitumia. Mtu anauza ekari mbili. Karatasi ya mauziano inaandikwa mezani, mjini, pengine nyuma ya duka, na shamba lenyewe liko mwendo wa saa tatu kwa miguu. Anaitwa kijana anayepita njiani, anaambiwa, “Njoo utuwekee dole gumba, ni ushahidi tu.” Anaweka dole gumba, anapewa soda, anakwenda zake. Kijana yule hakuona mpaka, hakuona fedha zikihesabiwa, hamjui mke wa muuzaji wala ndugu zake. Baada ya miaka minane muuzaji amekufa, watoto wake wanasema baba aliuza ekari moja, mnunuzi anasema mbili, na kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye familia, anaitwa barazani. Atasema nini? Akisema “niliona”, ameongopa. Akisema “sikuona”, basi karatasi ile haikuwa na shahidi tangu siku ilipoandikwa.

Neno lile “tu” ndilo linalotuudhi. Ni ushahidi tu! Mwenyezi Mungu ameiteremsha aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, aya ya 282 ya Sura ya Pili, na ndani yake hamkuelezwa Pepo wala Moto. Mmeelezwa deni la muda, mwandishi wake na mashahidi wake. Anatuamrisha tuliandike deni liwe dogo au kubwa bila ya kuchoka, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atamkishe yaandikwe, mashahidi wasikatae wanapoitwa, na yeyote kati ya mwandishi na shahidi asitiwe katika madhara. Katika aya inayofuata anatuonya kwamba mwenye kuuficha ushahidi moyo wake umo katika dhambi. Na katika aya ya 135 ya Sura ya Nne anatutaka tusimamie uadilifu na kuwa mashahidi kwa ajili yake, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Tunaomba kila mmoja wenu airudie aya hiyo nyumbani na kuisoma polepole. Wengi wetu tuko tayari kumshuhudia jirani. Ni wachache walio tayari kumshuhudia jirani dhidi ya kaka.

Wanafunzi huenda wakatuuliza habari za Khuzaima bin Thabit, nao watakuwa wameuliza vyema. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alinunua farasi kwa bedui mmoja, kisha bedui akakana, akataka shahidi. Khuzaima akasimama akashuhudia. Mtume alipomwuliza anashuhudia kwa lipi, alijibu kwamba anashuhudia kwa kuwa anamsadiki yeye. Ushahidi wake ukafanywa sawa na wa watu wawili. Wako wanaoishika habari hii na kusema: basi nami naweza kumshuhudia rafiki yangu kwa kuwa namwamini. La hasha. Kwanza, angalieni kwamba Mtume mwenyewe alimwuliza, kwa kuwa haikuwa kawaida mtu kushuhudia asiloliona. Pili, Khuzaima alimsadiki Mtume wa Mwenyezi Mungu ambaye alikwisha kumsadiki katika habari za mbingu. Rafiki yako, pamoja na heshima zake zote, anauza ng'ombe na mahindi.

Kwa hiyo ndugu zetu, anayetaka kuitwa shahidi wa shamba na aende shambani. Nyanda zetu hizi ni nchi ya majani, miti yake ni michache, na watu huweka mpaka kwenye kichuguu, kwenye kijito, kwenye tuta la mwisho. Kichuguu hulimwa kikaisha. Kijito huhama mvua zikiwa nyingi. Tuta ndilo linalohama upesi kuliko vyote, maana huhamishwa kwa jembe, na kwa kawaida huhamishwa usiku. Basi karatasi iseme upande wa mashariki jirani ni nani, na magharibi ni nani, na kaskazini na kusini. Na majirani hao wanne wawepo, wapige hatua pamoja, hatua sabini kwa sabini kwa kila ekari kama tulivyozoea, kisha ndipo waweke vidole. Mke wa muuzaji awepo. Halmashauri ya kijiji nayo ijulishwe, kwa sababu ardhi ya kijiji haihamishwi kwa siri baina ya watu wawili. Jambo hili litachukua siku nzima. Kesi ya ardhi huchukua miaka.

Neno la pili ni bayana. Katika Kiswahili cha leo jambo likiwa wazi tunasema liko bayana, na kulifanya liwe wazi tunasema kulibainisha. Katika vitabu vya sheria ya Kiislamu hilo ndilo jina lenyewe la ushahidi. Mtume ametufundisha kwamba mwenye kudai ndiye mwenye wajibu wa kuleta bayana, na mwenye kukanusha ndiye mwenye kula yamini. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1967, nayo humbebesha mzigo wa kuthibitisha yule anayedai. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyekuwa Damascus katika karne ya 14, alieleza kwamba bayana si watu wawili peke yao. Ni kila kinachoidhihirisha kweli. Shina la mti uliopandwa na marehemu ni bayana. Risiti ni bayana. Jiwe la mpaka lililokaa mahali pake mpaka likaota kuvu ni bayana.

Lakini dhana si bayana. Tunalisema hili hapa Sumbawanga tukiwa na sababu. Wazee wanatuambia kwamba jina la mji wetu maana yake ni kutupa uchawi, yaani mtu anayeingia autupe uwanga wake nje. Ni jina zuri likifahamika hivyo. Lakini katika nyanda hizi hizi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipita wale walioitwa kamchape, wakiingia kijiji baada ya kijiji na kudai kuwafichua wachawi; na baada yao wamekuja wengine kwa majina mengine, na ramli zao za kugombanisha watu. Mtoto ameugua, ng'ombe amekufa, na kidole kinanyooshwa kwa bibi mmoja anayekaa peke yake ukingoni mwa kijiji. Ni nani aliyehudhuria? Ni nani aliyeona? Hakuna. Bibi anakimbilia kwa binti yake, mbali. Nasi tunauliza: mwaka unaofuata nani analima shamba lake? Mara nyingi jibu la swali hili hueleza mambo yaliyotangulia vizuri zaidi kuliko ramli. Mwenyezi Mungu ametuambia katika aya ya 12 ya Sura ya 49 tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Hiyo ni hukumu, nayo inamhusu mpiga ramli, na anayemlipa mpiga ramli, na anayelima shamba lile.

Hapa yatupasa kusema kidogo juu ya kiapo na yamini, kwa sababu maneno haya mawili yamechanganyika vinywani mwetu. Yamini ni mkono wa kulia; waliokuwa wakiahidiana walipeana mkono huo, ndipo kiapo kikaitwa kwa jina lake, nasi tukasema kula yamini. Ama neno kiapo, zamani halikuwa na maana ya kusema kwa jina la Mungu peke yake. Kiapo kilikuwa ni jaribio la mwili. Pwani kilikuwapo kiapo cha kikaango. Na katika nchi nyingi za bara kulikuwako mwavi, dawa ya sumu aliyonyweshwa mtuhumiwa, akitapika ni msafi, akifa alikuwa mchawi. Mwavi umepigwa marufuku tangu enzi za wakoloni. Sheria ya Kiislamu haikuukubali hata siku moja, maana haimtafuti mwizi katika tumbo la mtu. Yamini huliwa na mwenye kukanusha pale mdai anaposhindwa kuleta bayana, na mwenye kuila kwa uwongo amejibebesha mwenyewe.

Sasa tuingie katika rehani, na hapa tunawaomba wenye maduka na wenye magunia watusikilize kwa masikio yote mawili.

Mwezi wa Januari na wa Februari hapa kwetu mnaujua. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha ghalani, na mapya bado yanatoa ndevu. Shule zimefunguliwa, mbolea inatakiwa, mtoto ana homa. Mwenye shamba anakwenda kwa mwenye fedha, naye anamwambia, “Niwekee shamba lako la bondeni.” Linawekwa. Mwezi wa Julai mwenye shamba hana fedha za kutosha, basi mwenye kukopesha anavuna shamba lile. Mwaka wa pili analima yeye na anavuna yeye. Mwaka wa tatu hivyo hivyo. Na deni? Deni liko pale pale, halikupungua hata shilingi moja. Kisha siku moja mwenye fedha anasema kwamba shamba lile alilinunua.

Rehani ni neno lililomo katika Qurani, katika aya ya 283 ya Sura ya Pili, inayofuata ile aya ya deni. Maana yake ni kitu kilichozuiwa, kilichoshikwa, ili deni lipate kulipwa. Kitu kilichoshikwa hakikuuzwa. Milki yake imebaki kwa mwenyewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu katika Afrika ya Mashariki, manufaa ya rehani ni ya mwenye kitu, wala mkopeshaji hana ruhusa ya kuyafanya malipo ya subira yake. Tazameni basi yule aliyevuna miaka mitatu na bado anadai deni lake kamili. Mavuno yale ni nini? Ni nyongeza juu ya deni, na nyongeza juu ya deni ina jina lake, nalo ni riba. Hakusema riba, hakuandika riba, na pengine anawakemea wanaokopa benki. Lakini ameila kwa debe.

Jambo hili si geni wala si la Ufipa peke yake. Unguja na Pemba, katika karne ya 19 na baada yake, kulikuwa na hati zilizoitwa bei ya khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu akihitaji fedha aliandikiana na mwenye fedha kwamba amemuuzia shamba, kwa sharti kwamba akirudisha thamani ile katika muda uliowekwa shamba litarejea kwake. Kisha mara nyingi alilipangisha shamba lile lile alilokwisha “kuliuza”, akawa analipa kodi kila msimu. Karatasi ilisema bei, na mambo yenyewe yalikuwa deni lenye nyongeza. Wanachuoni walihitilafiana juu ya hati hizo, na sisi hatutaki kuwahukumu waliokufa. Lakini mashamba mengi yalihama wenyewe kwa njia hiyo, na waliopoteza hawakuwa wajinga; wengine walikuwa watu wanaosoma na kuandika vizuri. Neno liliwapita kwa kuwa walikuwa na haja, na mwenye haja hasomi mpaka mwisho.

Kwa hiyo, ikiwa ni deni liandikwe deni: kiasi gani, lini litalipwa, na rehani ni kitu gani. Aliyekwisha kuvuna shamba la rehani na akae na mwenzake, wahesabu magunia, wayatoe katika deni. Pengine atakuta kwamba yeye ndiye anayedaiwa.

Juu ya milki tutasema machache. Milki ya kweli ni ya Mwenyezi Mungu, na sisi tumefanywa kuwa waangalizi wa mali kwa muda; hayo yamo katika aya ya 7 ya Sura ya 57. Hata sheria ya nchi inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Wako waliodhani kwamba kwa ajili hiyo mkulima asiye na karatasi hana kitu. Swali hilo lilifika katika Mahakama ya Rufani mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, lililotoka Mkoa wa Arusha. Jaji Mkuu Francis Nyalali alitoa hukumu ya mahakama kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali, na Katiba inailinda kama inavyoilinda mali nyingine. Chanzo chake kilikuwa ni mashamba yaliyohama mikono wakati wa Operesheni Vijiji, jambo ambalo hata huku watu wa makamo wanalikumbuka, kwani wako walioyaacha mahame yao na kuhamia barabarani. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikathibitisha ugawaji uliofanywa na vijiji kati ya mwaka 1970 na 1977. Mwenye mgogoro wa mahame na ayajue haya kabla ya kuchukua panga.

Tena sheria ya mwaka 1971 juu ya ukomo wa madai humpa mwenye kudai ardhi miaka 12, na ikipita hasikilizwi. Ni kanuni yenye manufaa, maana bila yake kesi zisingekwisha. Lakini sikilizeni, ndugu zetu. Mtu aliyelichukua shamba la yatima kwa hila, akakaa kimya mwaka wa 10, wa 11, wa 12, kisha akashinda barazani, ameshinda kitu gani? Mtume amesema kwamba yeye ni mwanadamu, anahukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wa wagombanao akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake. Basi atakayehukumiwa apewe haki ya ndugu yake asiichukue, kwani anakatiwa kipande cha moto. Ikiwa hivyo ndivyo katika hukumu ya Mtume mwenyewe, itakuwaje katika hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Hakimu hana lawama. Amehukumu kwa ushahidi. Mwenye lawama ni yule aliyejua.

Wakfu tutauzungumza siku nyingine kwa urefu. Leo itoshe kusema kwamba neno hilo maana yake ni kusimamisha: kitu husimama pale pale, hakiuzwi, hakirithiwi, na manufaa yake ndiyo yanayokwenda kwa watu, kama Sayyidna Umar alivyofanya kwa shamba lake la Khaibar. Anayesema kiwanja hiki nimekitoa wakfu, kisha mwaka unaofuata akakikata nusu akamuuzia mtu wa kujenga fremu za maduka, hakulielewa neno alilolitamka.

Neno la mwisho ni amana, nalo limefungamana na mirathi. Usiku ule Mtume alipohama Makka, wale wale waliokuwa wamekula njama ya kumuua walikuwa wameweka vitu vyao kwake, kwa kuwa hawakumpata mwaminifu mwingine. Alimwacha nyuma Sayyidna Ali, naye akabaki katika mji wa maadui ili amrudishie kila mtu chake. Hiyo ndiyo amana.

Mtu akifa leo, ukoo hukutana, humteua mmoja wao, naye huenda Mahakama ya Mwanzo kuthibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi. Anarudi na karatasi yenye muhuri. Na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa wanaisoma karatasi ile kana kwamba imeandikwa “mrithi”. Msimamizi si mrithi. Pengine naye ana fungu lake, pengine hana kabisa. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kurejesha hesabu mahakamani katika miezi minne. Tunawajua wasimamizi wa miaka kumi na mitano. Nyumba ya marehemu wanaipangisha, trekta wanalikodisha, na wajane wakiuliza wanaambiwa kwamba mambo ya mahakama hayana haraka.

Mwenyezi Mungu hakuyaachia mafungu haya mkutano wa ukoo. Ameyataja katika aya ya 11 na ya 12 ya Sura ya Nne. Mjane mwenye mume aliyeacha watoto ana thumuni. Asiyeacha mtoto, mjane wake ana robo. Mama wa marehemu ana sudusi marehemu akiacha mtoto. Binti ana fungu lake, nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, nalo ni lake. Halimezwi na neno kwamba yeye ataolewa kwingine. Wako wanaotetea kumnyima kwa kutaja mila. Mila hiyo haikubaliki kwa Qurani, na tangu Sheria ya mwaka 1999 haikubaliki kwa sheria ya vijiji, kwani inabatilisha kila desturi inayomzuia mwanamke, mtoto au mlemavu kuipata ardhi kihalali. Na mafungu yote haya hutolewa baada ya deni na wosia. Marehemu aliyelala kaburini na deni la mbolea bado anadaiwa.

Ndugu mnaotusikiliza mbali, wa Namanyere, wa Mpui, wa Kasanga, mnao wazee na masheikh wenu, na mnalo Baraza la Ardhi la Kijiji, na Baraza la Kata ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Yaendeeni mapema, wakati walioona bado wako hai. Shahidi akizikwa ameondoka na mpaka.

Na ninyi mliopo hapa, wazee wanne watabaki barazani baada ya sala. Aliye na karatasi ya mauziano isiyotaja majirani na aje nayo. Aliyeshika shamba la mwenzake kwa rehani na aje pamoja na mwenzake huyo, na kila mmoja aje na hesabu yake ya magunia. Na msimamizi yeyote ambaye bado hajagawa, tunamwomba aje na orodha ya warithi, wanawake wakiwemo. Kesho asubuhi, umande ukikauka, tutaanza na shamba la karibu, na majirani wake wote wanne tumekwisha kuwaita.